Siku Waliyomrudisha Mjomba

Katibu aliokoa kazi yake kwa kura moja, na tangu siku hiyo kazi hiyo haijampendeza hata kidogo. Bora tuliseme mapema, maana ukimuuliza mwenyewe atakuzungusha. Atakueleza habari za teknolojia, za nyakati kubadilika, za kampuni na masharti yake, mpaka usahau ulichotaka kujua. Ana ulimi mzuri. Ndiyo sababu walimpa ukatibu.

Chama chao kilikuwa cha watu tisa, wote wasioona, wote wa kazi za ofisini au waliowahi kuzifanya. Walikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi. Mwenye duka aliwaazima meza moja ndefu na viti vya plastiki ambavyo havikuwahi kutosha. Fimbo zao walizisimamisha kwenye ndoo moja mlangoni, na hakuna mkutano uliowahi kuisha bila ubishi wa nani kabeba fimbo ya nani.

Mali ya chama ilikuwa moja tu. Ilikuwa programu ya kompyuta inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini: barua, gazeti, hata herufi moja moja unapoandika. Bila programu ya namna hiyo, kompyuta mbele ya mtu asiyeona ni sanduku linalotoa joto. Waliinunua miaka kumi na miwili nyuma, mara moja, biashara ikaisha. Kila mtu alitoa alichoweza. Mmoja wao, mpokea simu wa hoteli, aliuza kitanda akalala chini mwaka mzima, na kisa hicho alikisimulia kila walipokutana kana kwamba mgongo ulikuwa bado unamuuma. Wakapewa leseni ya nafasi tisa yenye namba ndefu, ambayo Katibu aliishika kichwani kama jina la mama yake. Kompyuta ikifa, waliiweka programu kwenye nyingine. Mwenzao akifariki, nafasi yake alipewa aliyekuwa akisubiri, na hakuna aliyehitaji kumpigia mtu yeyote simu kuomba ruhusa.

Sauti ya programu hiyo ilikuwa ya kiume, nzito, kavu, isiyojua furaha wala msiba. Ilisoma tangazo la kifo na bei ya nyanya kwa namna ileile. Wao waliiita Mjomba. Mpokea simu ndiye aliyempa jina, akasema huyu ni mjomba wa kwanza anayemjua ambaye amekaa nyumbani kwake miaka na hajawahi kumuomba kitu. Mke wa Katibu, ambaye macho yake ni mazima, alizoea kurudi sokoni na kumkuta mumewe amejifungia chumbani, Mjomba akisoma kwa kasi ambayo mtu mwenye macho husikia mngurumo mtupu. Aliweka kapu chini, akauliza kupitia mlango, "Mjomba ameshakula, au nimpakulie?"

Balaa lilianzia kazini kwa Katibu. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya bima. Kazi yake ilikuwa kusikiliza maelezo yaliyorekodiwa ya watu waliopata ajali na kuyaandika neno kwa neno, na hakuna aliyemfikia kwa usahihi. Kisha kampuni ikabadilisha mfumo mzima wa kompyuta. Siku ya kwanza Katibu alikaa kwenye meza yake, akafungua faili, akasubiri. Mjomba akasema, "Ukurasa mtupu." Akafungua nyingine. "Ukurasa mtupu." Mfumo mpya ulikuwa umejaa maandishi kutoka juu mpaka chini, ila Mjomba hakuwa na uwezo wa kuyaona. Alikuwa mzee kuliko mambo yale.

Meneja alimwita. Meneja huyo alikuwa mtu wa adabu sana, na hao ndio wabaya. "Tunakuthamini mno," alisema. "Nakupa miezi mitatu utafute ufumbuzi. Baada ya hapo sitakuwa na la kufanya."

Ufumbuzi ulikuwepo. Waliotengeneza programu walikuwa na toleo jipya, lakini toleo hilo halikununuliwa tena. Ulililipia kila mwaka, na mwaka usipolipa linafungwa. Kwa mtu mmoja bei ilikuwa ya kutisha. Kwa chama chenye leseni ya zamani walikuwa na ofa: nafasi tisa, punguzo kubwa la mwaka wa kwanza, kwa sharti moja. Leseni ya zamani irudishwe. Maana ya kurudisha ni kwamba namba ile ndefu ingefutwa kwenye vitabu vyao, na Mjomba asingefunguka tena kwenye kompyuta yoyote.

Katibu aliomba toleo la kujaribu, akalipeleka kazini. Lilisoma kila kitu. Majina, tarehe, vitufe, vijisanduku vya pembeni, vyote. Alikwenda chooni akafungua bomba ili watu wasimsikie akilia. Sauti tu ndiyo ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya kike, laini, nyembamba, ya juu, kama ya dada wa mapokezi anayekwambia kwa upole kwamba daktari hayupo. Alitafuta kama kuna sauti nyingine. Zilikuwepo, nzito zikiwemo, kwenye mpango wa juu ambao bei yake ilikuwa mara mbili. Akaifunga orodha hiyo na kuendelea na kazi.

Sasa hapa ndipo anapoingia Mwalimu, na hapa ndipo Katibu huanza kukohoa anaposimulia.

Mwalimu alikuwa ndiye mkubwa wao kwa umri. Alifundisha shule ya wasioona miaka thelathini na mmoja, yeye mwenyewe akiwa haoni tangu utotoni. Wanne kati ya wale tisa walipita mikononi mwake. Katibu mwenyewe Mwalimu alimpokea akiwa na miaka sita, mtoto anayeng'ata kila anayemgusa, akamfundisha kusoma nukta kwa vidole na kufunga kamba za viatu na kuomba radhi. Kisukari kilikuja kumla Mwalimu ncha za vidole. Zile nukta alizofundisha watoto mia mbili na kumi na nne, yeye akawa hazihisi tena, karatasi ikawa kama karatasi nyingine yoyote. Akabaki na masikio na Mjomba.

Jumanne moja, wiki chache kabla ya mkutano, alimwita Katibu nyumbani kwake. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye na kumhudumia, alileta chai akaambiwa aufunge mlango.

"Ndege siwasikii tena," Mwalimu alisema. "Mwanzo nilidhani wamehama."

Katibu alicheka kidogo, akidhani ni utani.

"Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Anasema sauti za juu ndizo zinazoondoka kwanza. Ndege, kengele, watoto. Za chini zinabaki mpaka mwisho, lakini nazo zitaondoka. Miaka miwili, labda na kidogo. Usimwambie mtu. Sitaki mkutano mzima uanze kunipigia kelele kama mgonjwa."

"Na kitabu?"

"Ndiyo nimekuita. Kitabu nitakimaliza. Mjomba namsikia vizuri, sauti yake iko chini. Nimehesabu. Nikiandika kila siku, namaliza kabla."

Kitabu hicho kilikuwa na ukurasa mmoja kwa kila mtoto aliyemfundisha. Watoto wengi wa shule ile waliachwa getini na hawakufuatwa tena, na wengine walifia palepale bwenini, wakazikwa na mtunza bustani na walimu wawili. Hakuna aliyekuwa na habari zao isipokuwa yeye. Alikuwa amefika mtoto wa mia moja na ishirini. Katibu alimwomba amsaidie, yeye Mwalimu aseme na yeye aandike. Mwalimu alikataa. "Kuna mambo ya watu humo, wewe ukiwemo. Nitayaandika mwenyewe na utayasoma nikishakufa, kama una moyo."

Kwa hiyo Katibu alijua. Wengine wote mezani siku ile hawakujua kitu, ila yeye alijua habari ya masikio na alijua habari ya sauti mpya, na ni yeye peke yake aliyekuwa na zote mbili.

Kwenye mkutano alizungumza kwa dakika ishirini. Alieleza mfumo wa kazini kwake, akaeleza kwamba leo ni yeye na kesho ni wao, kwamba ofisi zote zitahamia huko na Mjomba atawaita wote kwenye ukurasa mtupu. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo linaloudhi.

Mwenyekiti wao, mwanasheria, mtu wa maneno machache, aligonga fimbo yake sakafuni. "Kile ni chetu," alisema. "Tulikinunua. Hiki unachotuletea ni kupanga. Mwenye nyumba akiamka vibaya, tuko nje."

"Nyumba yako mwenyewe inayovuja na ya kupanga yenye bati zima, mvua ikinyesha utalala wapi?" Katibu akamuuliza.

"Mimi nitalala ndani ya yangu na masufuria," mpokea simu alidakia. Watu wakacheka. "Nililala chini mwaka mzima kwa ajili ya Mjomba. Leo niambiwe nimrudishe kama chupa ya soda?"

"Na mwaka wa pili wakipandisha bei?" mwenyekiti aliuliza.

"Tutazungumza nao."

"Na nani? Taja mtu."

Katibu akasema kampuni kubwa kama ile haiwezi kuwatupa watu kama wao, itajitia aibu. Hapo Mwalimu, aliyekuwa ameketi pale karibu na mlango, akauliza swali lake moja.

"Sauti ni ileile?"

"Sauti ziko nyingi, Mwalimu," Katibu alijibu. "Ni za kuchagua."

Huo haukuwa uongo, na nadhani ndiyo maana ulimtoka kwa wepesi. Zilikuwa nyingi na zilikuwa za kuchagua, kwa mwenye kuzilipia.

Wao hupiga kura kwa kugonga meza. Zamu huzunguka kutoka kulia kwa mwenyekiti, na mkubwa kwa umri humalizia; anayekubali anagonga mara moja, anayekataa ananyamaza mpaka jirani yake aseme "pita." Hakuna siri katika kura ya namna hiyo. Katibu aligonga. Mwanamke wa benki aligonga, mchapaji wa mahakamani aligonga, na kijana wa ushuru naye akagonga. Mpokea simu alinyamaza, mwenyekiti alinyamaza, na wengine wawili wakanyamaza. Nne kwa nne, na aliyebaki ni Mwalimu.

Katibu alisikia bangili ya Mwalimu ikisogea mezani na kurudi. Kisha akagonga, mara moja, kwa kifundo cha kidole, kwa sababu ncha zake hazikuwa na kazi tena.

Wakati wa kutafuta fimbo kwenye ndoo alimshika Katibu mkono. "Sikugonga kwa ajili ya hiyo programu," alimwambia. "Nimegonga kwa sababu una watoto."

Katibu angeweza kusema neno palepale. Wenzake wote walikuwa bado chumbani, leseni ilikuwa haijarudishwa, kinywa anacho. Akasema, "Asante, Mwalimu," akamtafutia fimbo yake.

Jumatatu yake aliiandika namba ndefu mara ya mwisho, akabonyeza kukubali. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemsomea jibu, kwa sauti yake ileile ya bei ya nyanya: "Leseni imeondolewa. Programu hii itajifunga." Na ikajifunga.

Kwa Katibu mambo yalinyooka. Alibaki kazini, akasifiwa, hata akaongezwa cheo kidogo kisicho na maana. Kwa Mwalimu hayakunyooka. Dada wa Mapokezi, ndivyo walivyokuja kuiita ile sauti mpya, alizungumza mahali ambapo masikio yake yalikuwa yamekwisha kufa. Alisikia nusu ya neno, akabahatisha nusu nyingine. Alimpunguzia kasi mpaka akawa anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, akavaa hedifoni, akapandisha sauti mpaka mdogo wake alipoisikia akiwa jikoni. "Huyu binti amefunikwa blanketi," alimwambia Katibu kwenye simu. Hakuuliza kuhusu zile sauti za kuchagua. Katibu alisubiri aulize, wiki baada ya wiki, akiwa na jibu tayari, na Mwalimu hakuuliza. Kazi aliyoipangia miezi mitatu ilimchukua mwaka mzima: kurasa arobaini na mbili.

Mwaka wa pili barua ilikuja kama mwenyekiti alivyotabiri, na mwenyekiti hakusema hata mara moja kwamba alisema. Punguzo lilikuwa limekwisha. Bei mpya ilizidi kila kitu chama kilichowahi kuwa nacho. Wakaandika maombi, wakabisha hodi kwenye ofisi za wafadhili, wakakalishwa kwenye viti laini na kupewa maji ya kunywa. Mwisho wa mwezi nafasi nane zilifungwa. Ya tisa haikufungwa, kwa sababu kampuni ya bima iliamua kumlipia mfanyakazi wake. "Tunakuthamini mno," meneja alisema, na safari hii alimaanisha.

Katibu alipiga simu kwa watengenezaji. Alisubiri kwenye muziki, akampata msichana mwenye sauti nzuri.

"Turudishieni ile ya zamani," Katibu alisema. "Haina matengenezo, haina msaada, haiwagharimu kitu. Tuliinunua."

"Ni kweli mlinunua, mteja wetu. Kisha mkaibadilisha."

"Basi tubadilishieni tena."

"Namba hiyo haipo tena kwenye mfumo. Naona aliyethibitisha kufutwa ni wewe mwenyewe. Kuna lingine la kukusaidia leo?"

Toleo lililofungwa halifi moja kwa moja. Linakuachia dakika arobaini za majaribio, kisha linanyamaza katikati ya neno, na ukilitaka tena uzime kompyuta na kuiwasha upya. Kompyuta za watu wale zilikuwa vikongwe. Kuwaka tu kulichukua robo saa. Mpokea simu alijaribu kufanya kazi hivyo kwa wiki mbili, kisha hoteli ikamhamishia mlangoni, awe anasema karibu. Kitanda alichouza hakukitaja tena mkutanoni. Wengine walikaa majumbani. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikawa na watu watano, halafu watatu, na fimbo hazikuhitaji ndoo.

Katibu alikwenda kwa Mwalimu baada ya miezi miwili ya kujipa moyo. Alifunguliwa na yule mdogo wake.

"Karibu, mwanangu. Ukitaka akusikie sema kwenye sikio la kushoto, karibu kabisa, na kwa sauti nzito. Mimi siku hizi hanipati."

"Shikamoo, mama mdogo. Anaandika?"

"Anaandika kutwa. Lile dude likinyamaza hazimi kompyuta tena, anasema inampotezea muda. Anaendelea tu kimya kimya."

Katibu aliposikia hivyo alijua tatizo kabla hajaketi. Kwenye kompyuta kuna vijinundu viwili vidogo, kimoja kwenye herufi F na kingine kwenye J, na asiyeona huvitafuta kwa vidole ili ajue mikono iko wapi. Mwalimu hakuwa na vidole vya kuvihisi, na sasa hakuwa na sauti ya kumwambia amekosea. Katibu alimwomba faili, akamwambia anataka tu kulihifadhi mahali salama. Alikwenda nalo nyumbani na kulifungua kwa programu aliyolipiwa na bima.

Dada wa Mapokezi alisoma vizuri mpaka ukurasa wa mia moja sitini na mbili. Baada ya hapo akaanza kusoma uchafu. Mkono mmoja ulikuwa umehama kitufe kimoja kulia, halafu na wa pili, halafu wa kwanza ukarudi, halafu yote ikashuka mstari. Kurasa kumi na tisa. Watoto kumi na tisa wakiwa wameandikwa kwa uangalifu, kutwa, kila siku, na hakuna hata neno zima. Katibu alikaa na mke wake Jumapili nzima wakijaribu kurudisha herufi moja moja mahali pake. Walipata mstari mmoja na nusu: kulikuwa na mtoto aliyelala na viatu kwa sababu alitaka awe tayari watakapokuja kumchukua. Jina lake hawakulipata.

"Ameambiwa?" mke wake aliuliza.

"Bado."

"Na ile ya bima? Si umesema inaruhusu kompyuta mbili?"

Iliruhusu. Moja ya ofisini, moja ya nyumbani, zote za mfanyakazi. Kuiweka ya pili kwa Mwalimu kulikuwa kosa la kumfukuzisha mtu, na fundi wa kompyuta wa ofisi alikuwa na tabia ya kupekua. "Mtoto akimaliza mitihani," Katibu alisema. Kisha akasema fundi huyo anakwenda likizo mwisho wa mwezi, bora kungoja. Kisha kulikuwa na ukaguzi. Mke wake alikuwa akiosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida, na Katibu alisikia kila sahani.

Zilipita wiki saba. Alhamisi moja adhuhuri aliomba ruhusa, akaenda kwa Mwalimu akiwa na programu kwenye flashi mfukoni. Njia nzima alijizoeza la kumwambia. Angemwambia yote: orodha ya sauti aliyoifunga, kura, kurasa kumi na tisa. Kisha angempa kilichobaki, ambacho ni Dada wa Mapokezi bila dakika arobaini, na wangeanza pale ukurasa ulipoharibika. Tarehe za daktari zilikuwa zimebakiza miezi minne. Kwa miezi minne, mtu kama Mwalimu angefika mbali.

Mama mdogo alimwonyesha kiti bila maneno mengi. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na karatasi. Mwalimu alikuwa mezani, mikono juu ya vitufe, akiandika. Katibu alimgusa bega, akainama kwenye sikio la kushoto, akamwambia kwa sauti ya chini aliyoweza kuitoa, "Ni mimi."

"Najua ni wewe. Unanuka ofisi." Alimpapasa uso. "Umeleta nini?"

"Programu. Haitanyamaza tena."

Alimpisha kiti. Katibu aliiweka, ikachukua nusu saa, kompyuta ikizunguka na kuhema. Muda wote huo Mwalimu alikaa pembeni na kumweleza mtoto ambaye alikuwa katikati yake, msichana aliyefika shuleni akiwa amebeba jiwe la nyumbani kwao na kukataa kuliachia. Alisema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe. Alisema amebakiwa na watoto kumi na saba tu.

Programu ikawaka. Katibu alifungua ukurasa wa mia moja sitini na mbili, ule mzima wa mwisho, akapandisha sauti mpaka ilipogoma kupanda zaidi, akamvisha Mwalimu hedifoni kwa mikono yake. Dada wa Mapokezi akaanza kusoma. Katibu aliisikia sauti ikivuja pembezoni, neno kwa neno, wazi kabisa. Mama mdogo naye aliisikia kutoka mlangoni, akajikohoza.

Mwalimu alikuwa amekaa wima, kichwa amekiinamisha kidogo kama alivyokuwa akikaa darasani mtoto akisoma. Aliisogeza hedifoni mbele, akairudisha nyuma. Dada wa Mapokezi alimaliza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Imeanza kusema?" Mwalimu aliuliza.

Katibu alisogea, akaliinua kombe la kushoto la hedifoni, akaweka kinywa kwenye sikio lake. Yale yote aliyojizoeza njiani yalikuwepo, hayajamponyoka hata moja.

"Bado," alisema.

"Haya. Kompyuta hii ni nzito kuamka." Alikunja mikono mapajani. "Tusubiri."

Katibu alimrudishia hedifoni sikioni, akavuta kiti kingine, akaketi karibu naye. Ukurasa ulisomwa mpaka mwisho, ukaingia unaofuata, ule wa uchafu, na Dada wa Mapokezi akaendelea kuusoma kwa adabu ileile.